Maswali yenu ya The Last of Us, leo tunamjadili Joel

Haya, maswali yamejaa, nayajibu machache. Kwa mgeni: hii ni sirizi iliyotokana na gemu, fangasi wameambukiza watu na dunia imeanguka, na Joel anamsindikiza Ellie, binti mwenye kinga dhidi ya hao fangasi. Kama hujamaliza sizoni ya kwanza ishia hapa maana namwaga kila kitu.

*Joel alikuwa sahihi kuua watu wote wale hospitali ili amtoe Ellie?*
Hili ndo haliishi. Sarah mwanae alimfia mikononi 2003, usiku uleule janga linaanza, af miaka 20 baadae anaambiwa mtoto mwingine anapasuliwa ubongo itafutwe dawa, we ungekaa tu? Mi kwa kuua simhukumu sana. Ila Marlene na Fireflies wake, wale waasi wenye hiyo hospitali, walimlaza Ellie na dawa ya usingizi bila kumuuliza, Joel nae kamtoa bila kumuuliza, binti ana miaka 14, kinga ni ya kwake, mwili wa kwake, na hakuna hata mmoja aliyesubiri aamke. Njiani akazuka na stori eti wenye kinga wapo wengi na madaktari wamekata tamaa, na mtoto alipomwambia aape, akaapa! Bunduki alishika kwa haraka, sawa, ila ule uongo alikuwa na safari nzima ya kuufikiria.

*Henry si msaliti tu jamani?*
Msaliti ndio, na mwenyewe hajitetei. Mdogo wake Sam ana kansa ya damu, dawa wanayo FEDRA, wale wanajeshi wa serikali, bei yake ni kumtaja Michael, kiongozi wa waasi wa Kansas City. Mi anayenikera ni Kathleen, dada wa Michael aliyeshika uongozi baada yake. Kaka mtu mwenyewe kabla hajafa alimwambia asamehe, hataki. Anaonyeshwa sakafu inapanda na kushuka, walioambukizwa wamejaa chini, anasema funga, watu wasiambiwe kwanza, yeye yuko bize na Henry. Kansas City nzima ikalipia hasira ya mtu mmoja, tena hasira ambayo marehemu hakuiomba.

*Hao fangasi wapo kweli?*
Wapo, wanawashika sisimizi wa msituni, wanawapandisha kwenye majani mpaka wafie huko. Sisi joto la mwili linatusaidia, lala.

*Nianze na gemu au sirizi?*
Sirizi. Episodi ya 3 ya Bill na Frank hata waliocheza gemu la 2013 iliwakuta hawajajiandaa. Beba leso.