Re: Wanaojitolea wanatoweka baada ya miezi miwili

Ndugu, umeuliza kwa nini watu wanaojitolea kufuatilia wagonjwa wa kifua kikuu wanatoweka mwezi wa pili, ilhali dawa zenyewe ni za miezi 6. Mimi ningeanza na nauli. Irudisheni wiki hiyohiyo, msingoje ripoti ya mwezi. Kundi la WhatsApp ni zuri, ila wenye simu za kitochi, zisizo na intaneti (kwetu ni kina mama wengi), hawaoni kitu. Hao wapigieni au watumieni meseji. Majina ya wagonjwa yasiwekwe kundini kamwe. Halafu mgonjwa akifariki, mtu aende kumpa pole yule aliyejitolea kumfuatilia. Sisi tulichelewa siku nne tu, mama mmoja hodari akaacha kabisa.