Re: Kontena la marumaru toka Uturuki limechelewa, nihamie bandari ya Tanga?

Dada wa Ngamiani, Tanga, pole kwa kontena kuchelewa na mteja kutishia kukushtaki. Usimlaumu kwanza wakala wako wa kutoa mzigo bandarini. Tangu mashambulizi ya Bahari ya Shamu yaanze Novemba 2023, meli nyingi zimekuwa zikiacha njia ya Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Hiyo peke yake huweza kuongeza wiki mbili hivi au zaidi kwa mzigo wa kutoka Uturuki. Mdai namba ya hati ya shehena (bill of lading), ufuatilie mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni ya meli. Akiizungushazungusha hiyo namba, hapo shtuka.

Kuhusu Tanga: gati limechimbwa hadi mita 13, meli zinafunga hapohapo, si kama enzi za kushusha mizigo baharini kwa matishari. Ila uliza kama meli yako inafika moja kwa moja, maana kontena likibadilishiwa meli njiani, ulichookoa kwenye lori la kutoka Dar kinaweza kuliwa hapo. Uliza pia siku za bure za kontena, yaani za kukaa nalo bila kulipia, ni ngapi. Zikipita, tozo yake haina huruma. Cheti cha ubora cha TBS (Shirika la Viwango Tanzania) kipatikane kabla mzigo haujapakiwa.

Ukichukua wakala mpya, mhakiki kwanza TRA (Mamlaka ya Mapato). Na huyo mteja anayetishia kukushtaki, mpelekee mwanasheria mkataba wenu kabla hujamjibu chochote kwa maandishi.