Maswali ya wasomaji: Taa za ukungu bila taa kubwa

SWALI: Taa za ukungu za gari langu, la zamani kidogo, haziwaki mpaka niwashe taa kubwa. Kwenye ukungu mzito dimu inanirudishia weupe machoni, na ninachotaka ni taa za ukungu peke yake. Fundi anasema atavuta waya kutoka betri, apitishe kwenye swichi ya dashibodi, kazi iishe. Nimruhusu?

JIBU: Usimruhusu, angalau si kwa njia hiyo. Balbu mbili za wati 55 ni wati 110, yaani zaidi kidogo ya ampea 9 kwa volti 12. Swichi ndogo ya dashibodi imetengenezwa kubeba umeme wa koili ya rilei tu (rilei ni swichi inayovutwa na sumaku ya umeme, na koili ndiyo sumaku hiyo), kama ampea 0.2. Ukiipitishia ampea 9 itachemka, plastiki italainika, na siku moja itagoma kuzima. Halafu, waya ukitoka moja kwa moja betri, taa zitawaka hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Betri ya ampea-saa 45 haimalizi usiku kwa mzigo huo.

Habari njema ni kwamba waya mnene unaolisha taa huhitaji kuugusa. Katika magari mengi ya aina hiyo, rilei ya taa za ukungu tayari inapata umeme wa betri kupitia fyuzi yake. Kinachozifunga taa hizo kwa taa kubwa ni waya mmoja mwembamba wa koili. Huo ndio wa kuhamisha.

Kwanza utambue. Chomoa rilei, weka pini nyeusi ya mita ya umeme kwenye athi nzuri (bati la gari, upande hasi), kisha pima matundu ya soketi. Taa zote zikiwa zimezimwa, tundu la namba 30, linaloingiza umeme wa taa, lisome volti 12. Likisoma sifuri mpaka taa kubwa ziwake, basi hata waya mnene unatoka upande wa taa kubwa, na itabidi uvute mpya kutoka betri wenye fyuzi yake. Baada ya hapo washa taa kubwa, upime 85 na 86, ncha mbili za koili. Moja ikipata volti 12 hata kabla hujabonyeza swichi ya taa za ukungu, swichi yako inakata upande wa athi, na waya wa kuhamisha ni huohuo ulioupima. Zikija volti 12 pale tu unapobonyeza, swichi iko upande wa chanya. Hapo kazi inahamia nyuma ya dashibodi: tafuta waya unaoingia kwenye swichi wenye umeme wakati taa kubwa zinawaka tu.

Sasa uhamishie wapi? Wengi hukimbilia waya wa swichi ya ufunguo. Sisi tunapendekeza taa ndogo, zile za kuegesha zinazowaka mbele na nyuma. Kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi, inataka taa za ukungu za mbele ziweze kuwashwa na kuzimwa bila kutegemea ful wala dimu, lakini zisiwake kama taa ndogo na taa ya namba ya gari hazijawaka. Sababu yake inaeleweka: kwenye ukungu, mwenye hatari kubwa ni anayekuja nyuma yako, na yeye anaona taa zako za nyuma tu. Ukichukua umeme wa koili kwenye taa ndogo, hata ukisahau, gari haliwezi kwenda gizani kwa nyuma.

Ondoa kwanza waya hasi wa betri. Usikate waya wa zamani. Ingiza kibanzi chembamba cha chuma kwenye soketi, bonyeza ulimi wa temino (ncha ya chuma ya waya), uvute itoke kwa nyuma. Ifunike kwa mpira unaosinyaa kwa joto, uifunge pembeni. Anayetaka kurudisha hali ya kiwandani atakushukuru. Kisha bana temino mpya kwenye waya wa milimita mraba 1, uiingize tundu lilelile, na ncha ya pili uipeleke kwenye fyuzi ya taa ndogo kwa kutumia kishikio kinachogawa nafasi moja ya fyuzi kuwa mbili. Kwenye nafasi mpya weka fyuzi ya ampea 3. Kama rilei ina dayodi ndani, yaani kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu (mchoro ubavuni mwake utaonyesha), 86 iwe chanya na 85 athi. Ukigeuza, dayodi inapiga shoti na fyuzi inakatika papo hapo.

Kuna gari ambalo baada ya haya yote litaendelea kuzima taa za ukungu ukipiga ful. Mara nyingine athi ya koili imepitishwa kwenye balbu za ful zenyewe: ful ikiwaka, ncha zote mbili za koili zinakuwa na volti 12 na rilei inaachia. Liache hivyo. Ful kwenye ukungu haina msaada wowote.

Taa ya ukungu ya nyuma usiiingize kwenye mpango huu. Kanuni hiyohiyo inataka iwake tu pamoja na ful, dimu au taa za ukungu za mbele.

SWALI: Nimefunga taa za ukungu mpya zenye rilei yake. Fyuzi ya ampea 10 inakatika baada ya dakika kadhaa. Nimeweka ya 20, haikatiki tena, ila waya unakuwa wa moto.

JIBU: Toa hiyo ya 20 leo. Fyuzi inalinda waya, hailindi balbu, na sasa waya wako ndio umekuwa fyuzi. Muda wa kukatika unasema mengi: ikikatika mara tu unapowasha, kuna shoti, ikichukua dakika, mzigo umezidi. Injini ikiwaka altaneta inapandisha volti mpaka 14 hivi, na balbu mbili za 55 zinakaribia ampea 10. Fyuzi ya 10 haiwezi kukaa ukingoni hivyo, kwani inatakiwa ibebe kama robo tatu tu ya namba yake kwa muda mrefu. Sahihi ni 15, pamoja na waya wa milimita mraba 2.5 kutoka betri hadi rilei na kutoka rilei hadi taa. Nyaya zinazokuja kwenye vifurushi vya bei rahisi zina ganda nene na shaba kidogo ndani, kwa hiyo menya ncha uangalie shaba yenyewe. Kishikio cha fyuzi kiwe ndani ya sentimita 20 kutoka betri, na kila waya unapotoboa bati upite kwenye mpira.

Umebadilisha balbu kuwa za wati 100? Hesabu yote hapo juu imevurugika, na soketi za plastiki zitayeyuka kabla ya fyuzi.

SWALI: Gari langu ni jipya na taa zinaendeshwa na kompyuta. Njia hiyo inafaa?

JIBU: Hapana. Swichi hapo inatuma ishara tu, na umeme unatolewa na kompyuta ya bodi. Ukiulazimishia volti 12 mdomo wake wa kutolea umeme, unaweza kuiunguza. Mpelekee mwenye mashine ya kupimia atazame kama mpangilio wa taa za ukungu unabadilishika. Kama haubadilishiki, baki ulivyo.

SWALI: Balbu za manjano zinapenya ukungu zaidi?

JIBU: Rangi si hoja kubwa. Taa ikae chini na mwanga wake usipande. Simamisha gari mita 7.5 kutoka ukutani, sehemu tambarare, na ukingo wa juu wa mwanga uangukie sentimita 10 chini ya kimo cha katikati ya taa.