Risasi iliyo ndani ya damu

SWALI: Mwalimu, mimi ni mfanyakazi wa maabara, nakaa Kenya, hapa Lubumbashi. Majibu ya mashine yetu hutoka kwa Kifaransa. Juzi nilimfasiria mama mmoja kwamba damu ya mtoto wake ina "nyayo za risasi". Akaruka: "Nani alimpiga mwanangu masasi?" Nilipaswa kusema nini? Tena wenzangu huita njia hiyo ya kupima "unyonyaji wa atomi". Ni sawa?

JIBU: Ndugu yangu wa Kenya (komini ya hapa mjini, wasomaji wa Nairobi wasijitafute), neno risasi ulilitumia vizuri, na mama naye alilisikia vizuri. Shida iko hapo.

Risasi ni neno la Kiarabu, na mwanzoni ni jina la metali yenyewe, ile laini, nzito, ya kijivu. Watu walipoanza kuiyeyusha na kusubu vidonge vya bunduki, vidonge navyo vikaitwa kwa jina la kitu kilichovitengeneza. Waarabu wenyewe wanaishi na maana zote mbili mpaka leo. Mtu wa Dar es Salaam akisoma "petroli isiyo na risasi" hafikirii bunduki, kwa sababu neno petroli limekwisha kumwonyesha njia. Lakini damu na risasi zikikaa pamoja, nani atafikiria metali?

Sisi wa Kongo tuna jambo jingine juu yake. Ile ri- ya mwanzo masikio yetu yaliisikia kama li-, kiambishi cha umoja, basi wingi ukawa masasi. Nalipenda sana neno hili: ni la Kiarabu, lakini limevishwa nguo za Kibantu likatembea nazo. Ila lilipokwenda, lilikwenda na bunduki peke yake. Masasi ni ya askari. Metali ikabaki bila jina, na fundi wa batri akitaka kuitaja huazima Kifaransa. Kwa hiyo sema metali ya risasi, na mara ya kwanza ongeza: ile iliyomo ndani ya batri ya gari.

Utasikia pia "madini ya risasi". Sitagombana na anayesema hivyo, maana limeenea. Lakini mtu wa Lubumbashi anajua madini ni yale yanayochimbwa, mawe yenye rangi ya kijani yakiwa bado kwenye gunia. Kinachotoka kwenye tanuri ni metali. Na tuseme metali hii, metali hizi. Madini haya, si "madini hii" kama tunavyopenda hapa.

"Nyayo", uliyofasiri kutoka traces ya Kifaransa, iache. Nyayo ni za mguu. Mwingine atakushauri useme chembechembe, lakini ukiwa maabara jihadhari: chembechembe za damu ni kitu kingine kabisa, nyekundu na nyeupe. Dalili nayo ni ya ugonjwa. Kiasi kidogo sana ndilo jina lake, ingawa hilo nalo lina mtego wake, nitalirudia.

Sasa unyonyaji. Mtoto hunyonya ziwa, na bwana humnyonya mfanyakazi. Ukitamka unyonyaji katika mji uliojengwa juu ya shaba, watu watangoja hotuba ya siasa. Mwanga hufyonzwa, kama maji kwenye kitambaa. Lakini hata "ufyonzaji wa atomi" hausemi nani anamfyonza nani, kwa kuwa -a yetu ya uhusiano hubeba mtendaji na mtendwa bila kubagua. Ili kujua, tazama mashine yako. Unatia mikrolita 20 hivi za damu iliyozimuliwa, chini ya tone moja, ndani ya kibomba cha grafiti, kaboni kama ile ya penseli. Kinapata moto polepole: kwanza maji yanakauka, halafu vitu vya mwili vinaungua, halafu joto linaruka mpaka atomi za risasi zinapeperuka peke yake. Wakati huo taa iliyotengenezwa kwa risasi ileile inapitisha mwanga wake hapo katikati, wa nanomita 283.3, ambao jicho halioni. Atomi za risasi zinaufyonza. Mwanga unaofika upande wa pili umepungua, na kupungua huko ndiko kunakopimwa. Zinki au kadimi ina mwanga wake, huu haiugusi. Alan Walsh wa Australia alipoieleza njia hii mwaka 1955, alitumia moto wa wazi. Kibomba kilikuja baadaye.

Mfyonzaji basi ni atomi. Andika "kupima metali kwa mwanga unaofyonzwa na atomi". Ni refu, lakini "na" hiyo moja iliyo mbele ya atomi inamaliza ubishi.

Turudi kwa yule mama. "Kidogo" ya mkemia na "kidogo" ya sokoni hazilingani. Ukimwambia "kiasi kidogo" atashukuru Mungu na kwenda nyumbani, wakati Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linataka chanzo kitafutwe kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita ya damu. Mimi ningemwambia hivi: "Mama, hakuna aliyempiga mtoto. Damu yake ina metali ya risasi, ile ya batri za gari. Kwa macho haionekani, lakini mashine imeipata, na imefika namba hii. Daktari atakuuliza mtoto anacheza wapi na baba anafanya kazi gani." Namba umwonyeshe kwa kidole kwenye karatasi, na neno kidogo usilitamke kabisa.