Kupima jasho la ng'ombe kwa karatasi za kobalti: soma kabla hujaingia bandani

Nyie mnaoanza kupima jasho la ng'ombe mwaka huu, niwaambie tu ukweli, siku yangu ya kwanza Tanga sikupima ng'ombe, nilipima hewa ya bahari. Karatasi za kobalti kloraidi, zile ambazo zikikauka ni bluu na zikipata unyevu zinageuka pinki, nilizikausha vizuri kwenye oveni mpaka zikawa bluu safi, nikazitia kwenye chupa yenye silika jeli, zile punje za kufyonza unyevu, kufika bandani nikaacha mfuniko wazi huku nahangaika na mtamba mmoja mkorofi, kugeuka hivi zote zishakuwa pinki na ng'ombe hata hatujamgusa. Mzee mwenye banda akaniangalia, "Mwanangu, mbona hizo zishatoka jasho zenyewe?"

Kwa hiyo toa moja, funga chupa. Moja, funga. Na usishike kwa vidole hata kama umenawa, tumia kibanio, maana kiganja chako nacho kinatoa maji, na usiipumulie.

Kwenye ngozi sasa. Nyoa sehemu ndogo begani siku moja kabla, kwa sababu wembe unakwangua ngozi na ngozi iliyokwanguliwa inapitisha maji kuliko kawaida, utadhani umepata ng'ombe bingwa wa jasho. Futa na kitambaa kikavu, bandika kikaratasi na selotepu inayoonyesha, anza kuhesabu sekunde kwenye simu mpaka bluu yote iishe. Jasho jingi, sekunde chache. Mtu mmoja tu ndo aamue rangi siku nzima, mkibadilishana macho mnabadilisha na majibu. Na sehemu iwe ileile kwa kila mnyama, bega na tumbo havitoi jasho sawa, sasa ukimpima Boran begani na chotara wa Frizian tumboni hapo umelinganisha nini?

Mkiwa na kile kikombe cha kupitishia hewa, kinachofunika ngozi hewa ipite ndani yake ibebe mvuke wa jasho, afadhali, kinawapa gramu za jasho moja kwa moja. Mfano kikombe cha sentimita za mraba 20, hewa lita 1 kwa dakika, inayotoka ina mvuke gramu 5 zaidi kwa kila mita ya ujazo kuliko inayoingia: hiyo ni gramu 0.3 kwa saa, ukigawa kwa eneo unapata gramu 150 kwa mita ya mraba kwa saa. Kila gramu inaondoka na joto kama kilojuli 2.4, ndo maana tunahangaika na haya mambo. Ila kosa la kugeuza sentimita kuwa mita nimeliona mara nyingi mno, watu wanaleta ng'ombe anayetoka jasho kama bomba limepasuka.

Andika pia joto na unyevu wa hewa kila unapopima, sio asubuhi tu.

Halafu vikaratasi vilivyotumika vihesabu urudi navyo vyote, kobalti ni sumu na ndama analamba chochote kilichoanguka chini.