Presha iko sawa, retina je?

SWALI: Nina kisukari. Kila nikienda kliniki napimwa presha ya macho na naambiwa iko sawa. Nimesoma kwamba katika maabara, panya wenye kisukari hupimwa presha hiyo, kisha hupimwa tena umeme wa retina, lile tabaka la nyuma ya jicho linalopokea mwanga. Kwa nini vipimo viwili? Na panya anakubalije kuguswa jicho?

JIBU: Nianze na hilo la mwisho, maana lilinitesa nilipojifunza kupima panya maabara. Kifaa cha kupimia presha hurusha kijiti chembamba kwa nguvu ya sumaku. Kinagonga konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, na kurudi. Presha ikiwa kubwa, kinarudi upesi zaidi. Mguso wenyewe ni mwepesi mno, hata ganzi haihitajiki. Mwanzoni namba zangu zilikuwa juu, nikaamini nimempata panya mwenye glakoma, ugonjwa wa macho unaohusishwa na presha kubwa ya jicho. Msimamizi akanilegeza vidole kimya kimya: nilikuwa namkaba panya shingoni! Tulipopima upya, zikashuka. Kumlaza kwa dawa nako kuna mtego wake, kwani dawa nyingi za usingizi hushusha presha. Tena presha ya panya hupanda usiku, kwa hiyo tulipima saa ileile kila siku.

Umeme wa retina ni kazi nyingine kabisa. Panya hulala gizani usiku kucha, asubuhi unamwandaa kwa taa nyekundu hafifu, rangi ambayo haioni vizuri. (Siku moja mtu alifungua mlango tukiwa katikati, kazi yote ikaanza upya.) Akishasinzia kwa dawa, uzi mwembamba wa dhahabu unagusa konea, taa inamulika mara moja, na kwenye skrini mstari unazama kisha unapanda. Kule kuzama ni seli zinazopokea mwanga. Kupanda ni seli za ndani zinazopokezana taarifa. Kwenye huo mpando kuna vikunjo vidogo kama meno ya msumeno, na kwa panya wa kisukari ndivyo mara nyingi hufifia au kuchelewa mapema, hata kabla mishipa ya damu haijaonyesha kasoro. Ila kagua lenzi kwanza: panya hawa hupata mtoto wa jicho, na mwanga usipopita utailaumu retina bure.

Kijiti cha presha hakioni lolote kati ya hayo. Kinatafuta hatari ya glakoma tu. Kwa hiyo ukirudi kliniki, muulize daktari: retina yangu yenyewe ilichunguzwa lini, mboni ikiwa imepanuliwa au kwa picha? Kwa mwenye kisukari, uchunguzi huo kwa kawaida ni wa kila mwaka.