Nahau za Kiingereza: iogope ile unayodhani umeielewa

Wengi wanaokuja kwangu wakianza kazi ya kuzungumza Kiingereza kutwa nzima huwa na daftari la nahau, na ukurasa wa kwanza huwa na "it's raining cats and dogs", yaani mvua kubwa inanyesha. Wameikariri shuleni. Katika miaka yangu yote ya kutafsiri mikutanoni, nimeisikia mara chache mno. Hata hivyo nahau hiyo haina madhara. Ukisikia paka na mbwa wananyesha, akili yako inashtuka papo hapo: hapa pana jambo, niulize. Nahau ya ajabu hujitangaza yenyewe. Inayokuangusha ni ile iliyojificha ndani ya maneno unayoyajua tangu darasa la kwanza.

Chukua "tell me about it". Umemwambia mwenzako kwamba ripoti ya jana imekuchosha, naye anakujibu hivyo. Unavuta kiti uanze kumsimulia. Kumbe hajaomba simulizi; amesema, "hilo nalijua fika, nami yamenikuta." Vivyo hivyo "you can say that again": hakuombi urudie, anakuambia umenena kweli. Na "be my guest", ukiomba kutumia kompyuta ya mtu, ni ruksa tu.

Inayowasumbua wengi zaidi ni "I couldn't agree more". Ina kikanushi, na sikio letu likisikia "siwezi kukubali" linafunga mlango hapo hapo. Niliwahi kumwona kijana akijitetea mbele ya mtu aliyekuwa upande wake tangu mwanzo. Maana yake ni kwamba nimekubali hadi mwisho, hakuna kiasi kilichobaki cha kuongeza.

Halafu kuna maneno ya adabu, na hapa naomba ukae kidogo, maana ndiyo utakayokutana nayo kila siku katika barua pepe. "I'm afraid the manager is out" haina mtu aliyeogopa. Ni namna ya kutanguliza pole kabla ya habari usiyoitaka, kama sisi tunavyosema "kwa bahati mbaya". "With all due respect" inataja heshima, lakini kinachofuata karibu kila mara ni kukupinga. Sisi pia tunayo: mtu akianza na "samahani kwa nitakalosema", unakaa sawa kwenye kiti. Basi kaa sawa vilevile. Nayo "bear with me" haimzungumzii dubu wala kubeba mzigo. Anaomba umvumilie kidogo, pengine faili halijafunguka.

Hatari nyingine inatoka kwetu wenyewe. Kiswahili kina nahau nyingi, na mara nyingine zinafanana na za Kiingereza kwa sura, si kwa maana. Tukisema mtu ametia chumvi, tunamsema msimulizi: ameongeza yasiyokuwepo. Waingereza wana "take it with a pinch of salt", nayo inamhusu msikilizaji: usiyaamini yote unayoambiwa. Chumvi ni ile ile, lakini huku anaitia msemaji, kule anaishika anayesikiliza. Tukisema mtu amemwaga unga, amepoteza kazi. "Spill the beans", neno kwa neno kumwaga maharage, ni kutoa siri, na ndugu yake wa kweli kwetu ni kumwaga mtama penye kuku wengi.

Lakini moyo ndio ulionifunza kwa uchungu. Mwanzoni mwa kazi yangu, mradi mmoja ulipoahirishwa kwa mara ya tatu, nilimwandikia mwenzangu kwamba nimevunjika moyo, nikachagua "heartbroken". Alinipigia simu kwa sauti ya chini akiniuliza nani amefariki. Neno hilo ni la huzuni nzito, ya msiba au ya mapenzi yaliyokatika. Nilichotaka kusema ni "discouraged". Tangu siku hiyo sihamishi nahau kutoka lugha moja kwenda nyingine kabla sijajiuliza: mwenye lugha huitumia akiwa katika hali gani?

Ndiyo maana nakusihi, katika daftari lako usiandike nahau na tafsiri yake tu. Andika nani alimwambia nani, wakati gani, na kwa sauti ipi. Kamusi itakuambia kwamba "kick the bucket" ni kufa. Haiwezi kukuonyesha uso wa mfiwa atakayekusikia ukiitamka. Ni kama kusema marehemu "amekata kamba" mbele ya wanawe. Kwenye msiba tumia "pass away".

Zingatia pia umbo. Nahau nyingi hazikubali kupinduliwa. Ukisema fulani amepata jiko, tumeelewa ameoa. Ukisema jiko limepatikana, tutadhani mnataka kupika. "The bucket was kicked" nayo inarudi kuwa ndoo iliyopigwa teke. "The beans were spilled" inakubalika. Hakuna kanuni moja ya kutenganisha hizi na zile, kwa hiyo ichukue nahau jinsi ulivyoisikia, bila kubadili kitu, mpaka sikio lako likomae.

Kuhusu asili zake, usipoteze muda mwingi. Hadithi nyingi zinazosimuliwa hazina ushahidi. Zinazosaidia ni zile ambazo chanzo chake kiko wazi: "the writing on the wall" ni dalili ya anguko linalokuja, kutoka Danieli sura ya 5, "by the skin of my teeth" ni kuponea chupuchupu, kutoka Ayubu 19:20, "the ball is in your court" ni ya tenisi, zamu ni yako, "a ballpark figure" ni ya besiboli, makadirio tu.

Na usidhani Kiingereza ni kimoja. Mkutanoni Uingereza, "to table" hoja ni kuileta ijadiliwe sasa. Marekani, ni kuiweka kando. Kitenzi kile kile, maana mbili zinazopingana. Nimewahi kutafsiri kikao chenye watu wa pande zote mbili, mwenyekiti akatamka neno hilo, nusu wakafungua makabrasha na nusu wakayafunga. Sikutafsiri. Niliinua mkono nikauliza kwa maneno mepesi: "Do you mean now, or later?" Alijibu "now", na waliokuwa wamefunga makabrasha wakayafungua. Swali hilo nimeliuliza mara nyingi baadaye, kwa maneno mengine, kwa watu wenye vyeo vikubwa kuliko changu, na bado sijakutana na aliyekasirika. Liandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, pale walipo paka na mbwa.